Nywele Kwenye Zulia la Bwana Whitcomb

Nilifika Pruitt Falls, jimbo la Iowa, Septemba ya mwaka 1968, nikiwa na sanduku moja na koti jepesi lililoshonwa na mtu asiyejua baridi ni nini. Nilitoka Memphis. Mwaka ule ukisema umetoka Memphis watu walikupa pole kwanza, kwa yule mchungaji mtetezi wa haki zetu aliyeuawa kwetu Aprili, ndipo wakakuuliza jina. Jina langu ni Ardelia Swanigan.

Msichana niliyepangiwa naye chumba alikuja na wazazi wake. Wazazi wakanitazama, wakatazamana, wakabeba tena mizigo waliyokuwa wameshaiweka chini. Hivyo nikabaki peke yangu na vitanda viwili. Nyumbani niliwaambia nimepewa chumba kikubwa.

Chuo kilikuwa na maelfu ya wanafunzi. Weusi tulikuwa kumi, na hata kujua kwamba tuko kumi kulituchukua muda. Ilikuwa hivi: unavuka uwanja, unaona kwa mbali kichwa kinachofanana na chako katikati ya kofia za sufu. Unaongeza mwendo. Naye anaongeza. Mnakutana hapo katikati mnashikana mikono kama ndugu waliopotezana vitani, kumbe hamjuani hata kidogo.

Ndivyo nilivyokutana na Lucius Pettaway wa Detroit. Alikuwa mwembamba, nywele zake za afro kama mwavuli, na mdomo wake ulikwenda kama cherehani. Kila mweusi kwake alikuwa kaka au dada, na mfukoni alikuwa na kijitabu cha maneno ya Kiswahili, kama vijana wengi wa wakati ule waliotaka kuisogelea Afrika japo kwa ulimi.

"Habari gani, dada!" alinipigia kelele kwa Kiswahili siku hiyo ya kwanza.

"Sijui unasema nini," nilimjibu, "lakini kama unauliza njaa, ninayo."

Akacheka hadi akashika mti. Nilipomuuliza mtu anajibuje salamu hiyo, akafungua kijitabu, akapekua, akakifunga. "Hawajaandika," akasema. "Nadhani unaitikia kwa moyo."

Wa pili alikuwa Willa Goodloe, aliyekuja kuwa rafiki yangu wa maisha. Alitoka Kansas City, binti wa kinyozi, mfupi, akisomea kemia. Akisema sentensi mbili kwa saa, siku hiyo ameropoka. Willa ndiye aliyegundua kwamba chini ya bweni letu la wasichana, kando ya mashine za kufulia, kulikuwa na jiko ambalo hakuna aliyelitumia isipokuwa kuchemshia maji ya chai.

Basi Jumapili moja nikapika. Sukuma wiki iliyochemka taratibu na mguu wa nguruwe, kunde, mkate wa mahindi. Wavulana waliruhusiwa kufika huko chini Jumapili mchana, wakaja. Tulikula tukiwa tumekalia mashine za kufulia. Kijana mmoja wa Arkansas, aliyekuwa akisoma uhandisi na ambaye hatukuwahi kumsikia akisema zaidi ya "ndiyo" na "asante", alikula sahani mbili, akaweka uma chini, akaanza kuimba kwa sauti nene iliyotushtua sote. Alikuwa amekwisha kufunga mizigo arudi kwao. Hakurudi.

Jumapili ya tatu, matroni wetu, Bi. Ostergaard, aliteremka ngazi akiwa na kitambaa puani.

"Kuna kitu kimekufa humu ndani?"

"Ni sukuma, Bi.," nikasema.

"Basi izikwe." Akazima jiko kwa mkono wake. "Na mikusanyiko ya namna hii ni ya vyama vilivyosajiliwa. Nyinyi ni chama gani?"

Tukatazamana. Hatukuwa chama. Tulikuwa watu wenye njaa.

Lucius ndiye aliyekwenda kusoma kanuni za chuo, akarudi anarukaruka. Wanafunzi kumi wakikubaliana, wanasajiliwa, na chama kikisajiliwa lazima kipewe chumba. "Kumi, dada! Na sisi tuko wangapi?"

"Kumi," nikasema.

"Tisa," Willa akasema.

Alikuwa sahihi. Wa kumi alikuwa Leotis Broadnax, nyota wa timu ya mpira wa kikapu. Kijana wa East St. Louis, mrefu hivi kwamba alikuwa akiinama mlangoni hata pale pasipo na haja. Chuo kizima kilimjua. Sisi alituinamishia kichwa kidogo tu anapopita, kisha macho pembeni. Kocha wake alimwambia wazi: akionekana na wale weusi wanaonyanyua ngumi kudai haki, nafasi yake ya kusoma bure itakwenda kwa mtu mwingine. Na nyuma yake kulikuwa na wadogo watano waliosubiri aje awe mtu.

Lucius alimfuata mara nyingi. Alimfuata bwalo la chakula, alimfuata uwanjani, mara moja alimfuata hadi kwa daktari wa meno. Jibu lilikuwa lilelile: "Siwezi, kaka. Niache."

"Mheshimiwa Kikapu amekataa tena," Lucius alituambia kwa uchungu. "Mweusi uwanjani, mweupe barabarani."

"Koma," Willa akasema. "Kwao unakujua? Unajua mama yake anaamka saa ngapi?"

Lucius alinyamaza. Hilo peke yake lilikuwa tukio.

Miezi ya kwanza ya baridi ikapita hivyo, bila chumba. Tulikula chakula cha bwalo kisichokuwa na chumvi wala nia njema. Ndipo ikaja Februari, na tangazo kwamba mechi ya Jumamosi itaonyeshwa kwenye televisheni hadi upande ule wa St. Louis.

Ijumaa mchana Leotis aligonga dirisha la chumba cha kufulia. Willa na mimi tulikuwa tunakunja nguo, na Lucius alikuwa pale kinyume cha kanuni, akitusomea hotuba yake yenye madai kumi na manne kwa chuo. Leotis alikuwa amevuta kofia hadi kwenye nyusi.

"Nasikia baba yako ni kinyozi," alimwambia Willa.

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Wadogo zangu wote nimewanyoa mimi. Vua."

Akavua. Nilitamani nisicheke, Mungu anajua nilijitahidi. Kinyozi wa mjini, ambaye hakuwahi kushika nywele kama zetu na hakutaka kuanza, alipitisha mashine yake mara moja, akaogopa, akapitisha tena pengine, kisha akasema amefunga duka. Kichwa cha Leotis kilikuwa kama shamba lililoingiliwa na mbuzi.

"Kesho mama anatazama," Leotis akasema taratibu. "Kanisa zima linatazama. Wamehamisha televisheni ya mchungaji kuipeleka ukumbini."

Lucius alifungua mdomo. Nikajua anachotaka kusema: jina lako kwanza, kichwa baadaye. Willa alimkata kwa jicho. "Kaa hapa," alimwambia Leotis, akavuta kiti. "Kichwa hakina masharti."

Alipanda chumbani akatoa mashine ya kunyolea chini ya kitanda chake, ile aliyopewa na baba yake, akarudi, akaanza. Nusu ya kulia ilitoka safi, laini, na mstari wa utosini ulionyooka kama reli. Alikuwa ndiyo kwanza anageukia kushoto tuliposikia viatu vya Bi. Ostergaard kwenye ngazi.

"Wanaume! Ijumaa!" Akaona nywele sakafuni. "Na hii ni saluni?"

"Bi., dakika kumi tu," nikamsihi. "Mwangalie kichwa chake."

Akakiangalia. Kwa sekunde moja nilidhani amemhurumia. "Nje," akasema. "Wote."

Tukajikuta kwenye theluji: mimi, Lucius, Willa na mashine yake chini ya koti, na Leotis mwenye nusu ya kichwa.

Kilichofuata nimekisimulia mara nyingi na bado kinanichekesha. Tulizunguka chuo kizima tukitafuta soketi ya umeme na mahali pa kukalia. Maktaba wakatukataa, na nadhani walikuwa na haki. Bweni la wavulana la Leotis tusingeweza kuingia sisi wasichana. Tukaenda jengo la vyama, lenye milango mingi na kila mlango una kibao. Chama cha sataranji: "Samahani, hapa ni kwa wanachama." Chama cha wapenda kodiani: walisema hivyohivyo, na bila kuacha kupiga. Kwenye mlango wa wakusanya vipepeo tuligonga, hakuna aliyejibu, tukasukuma. Ndani mlikuwa na joto zuri, viti vya ngozi, na ukuta mzima wa vipepeo waliobanwa kwa pini. Kijana mmoja alikuwa amelala kwenye kochi. Akafumbua jicho moja.

"Nyinyi ni wanachama?"

"Hapana," Leotis akasema.

"Basi fungeni mlango mkitoka."

Tukafunga. Leotis alisimama kwenye ukumbi ule, kofia mkononi, akikitazama kibao.

"Vipepeo wana chumba," akasema.

"Wanacho," Willa akamjibu.

"Na wamekufa."

Niliuona uso wa Leotis ukibadilika, si kwa hasira, bali kama mtu aliyekuwa akitembea na kijiwe kiatuni miezi mingi na sasa ameamua kuketi akitoe.

"Haya," akasema. "Wa kumi ni mimi. Kocha nitakutana naye kesho. Sasa twendeni nikanyolewe mahali pa joto."

"Wapi?" nikauliza.

"Nani husema kila mwaka tukifungua chuo kwamba mlango wake uko wazi kwa kila mwanafunzi?"

Alikuwa Bwana Whitcomb, Mkuu wa Wanafunzi. Ofisi yake ilikuwa na sebule ya kusubiria yenye zulia la kijani. Katibu wake alituuliza kama tuna miadi, na Leotis, kwa adabu zote alizolelewa nazo, akasema hapana, mama, tutasubiri. Akaketi. Willa akachomoa taa ya mezani, akachomeka mashine, akaendelea pale alipoishia. Katibu alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Mwishowe akageuza kiti chake ili aone vizuri.

Bwana Whitcomb alitoka akiwa na kikombe cha kahawa.

"Ni nini hiki?" Kisha akamtambua aliyekaa. "Bwana Broadnax! Wewe kesho una mechi!"

"Ndiyo maana, Bwana."

Lucius aliiona nafasi aliyokuwa akiiombea tangu Detroit. Akavuta pumzi. "Bwana Mkuu, tumekuja kusajili Chama cha Wanafunzi Weusi. Tuko kumi kamili."

Bwana Whitcomb hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea mambo yamfikie yakiwa yamekunjwa vizuri. Akasugua kipaji cha uso. "Vijana wangu, haja iko wapi? Hapa hatubagui. Fikirini, ingekuwaje kama kungekuwa na chama cha wanafunzi weupe?"

"Kipo, Bwana," Lucius akasema. "Kina majengo arobaini na mnara wa saa."

Katibu alikohoa, na hadi leo naapa kilikuwa kicheko. Lakini Bwana Whitcomb alikunja uso, na nikaona mlango unataka kutufungia. Sikuwa nimejiandaa kusema. Mimi nilikuwa mpishi. Hata hivyo nilijikuta nimesimama.

"Bwana Mkuu, naomba nikueleze haja," nikasema. "Darasani profesa akitaja utumwa, vichwa vyote vinanigeukia. Akitaja muziki, vinanigeukia. Juzi ameniuliza, 'Na watu weusi wanaionaje vita hii ya ng'ambo?' Mimi nimetoka mtaa mmoja wa Memphis, Bwana, na hata mtaani kwetu hatujawahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Nachoka. Nataka pawe na mlango mmoja hapa chuoni ambao nikiufungua, hakuna kichwa kinachogeuka. Mtu akinyolewa vibaya, apate pa kukaa arekebishwe. Mtu akipata sifuri ya hesabu, apate wa kumwambia kaa nikuonyeshe, kabla hajafunga mizigo. Watakaokuja baada yetu wasitafutane uwanjani kama sisi. Na nataka kupika. Hayo tu."

"Na madai kumi na manne," Lucius akaongeza.

"Na madai kumi na manne," nikakubali.

Mashine ikaendelea kunguruma. Bwana Whitcomb alimtazama Leotis. "Na wewe umo? Kocha wako anajua?"

Leotis hakuweza kugeuza kichwa kwa sababu Willa alikuwa amemshika sikio. Akazungumza na ukuta. "Hajui bado, Bwana. Nitamwambia mwenyewe. Nimechezea chuo hiki miaka miwili. Kila mtu anajua jina langu, na leo sikupata kiti cha kukalia isipokuwa hiki chako."

Bwana Whitcomb aliangalia kikombe chake kana kwamba jibu liko ndani. "Kanuni ni watu kumi," akasema mwishowe. "Mkiwa kumi, mmesajiliwa. Kuhusu madai, siahidi kitu. Chumba nitawatafutia." Akarudi mlangoni, akasita. "Na mkimaliza, zoeni hizo nywele."

"Zulia hili lina manyoya marefu, Bwana," Willa akasema. "Zitabaki kidogo."

Nadhani zimebaki mpaka leo.

Kesho yake sisi tisa tulikaa pamoja nyuma ya kikapu cha kaskazini. Leotis alikuwa amemweleza kocha asubuhi, na kocha, mwekundu kama nyanya, akamwanzisha benchi. Tulitazama kipindi kizima cha kwanza timu yetu ikipigwa kama ngoma. Watu wakaanza kuguna. Kipindi cha pili kocha alitembea mara mbili mbele ya benchi, bila kumtazama, kisha akanyoosha kidole kana kwamba kinamuuma.

Laiti ningeweza kusema tulishinda. Tulifungwa kwa kikapu kimoja. Lakini Leotis alicheza siku ile kama mtu aliyevuliwa koti zito, na kila kamera ilipomsogelea Willa aliniminya mkono na kunong'ona, "Mstari. Tazama mstari." Jioni simu ililia kwenye bweni la Leotis, akaipokea akidhani mama yake atampa pole. Mama hakuuliza hata matokeo.

"Nani amekunyoa hivyo?" alikuwa akipiga kelele. "Mchungaji anauliza! Mashemasi wote wanauliza!"

Kocha hakumnyang'anya nafasi yake. Alimnunia hadi Aprili, basi.

Madai ya Lucius yalikwenda mwendo wa konokono. Somo la historia yetu lilichukua miaka miwili, na siku nyingine tulilazimika kukaa kwenye ngazi za jengo la utawala kuanzia asubuhi hadi kengele ya jioni, na hapo hakukuwa na kicheko. Mwalimu wa kwanza mweusi alikuja nikiwa karibu kuhitimu, akiwa na pipa la vitabu na mke aliyenishinda kupika. Nyumba tuliyokuwa tukiidai, nyumba hasa yenye veranda, ilipatikana mwaka uliofuata, paa likivuja vyumba vitatu. Sasa wanafunzi wanaokutana pale ni mamia, na wanagombana kuhusu mambo ambayo siyaelewi. Nafurahi kusikia wanagombana.

Lakini chumba cha kwanza tulichopewa na Bwana Whitcomb kilikuwa stoo, chini ya jengo la muziki, kikitenganishwa kwa ukuta mmoja tu na tangi la kuchemshia maji ya jengo zima. Theluji nje ilifika magotini, na sisi ndani tulivaa fulana. Juu yetu kulikuwa na mtu anayejifunza tromboni, akikosea palepale kila mara.

Jumapili ile ya kwanza tulibishana kuhusu jina la chama. Lucius akafungua kijitabu chake na kusema kwa heshima, "Umoja."

"Maana yake?" akauliza kijana wa Arkansas.

"Kuwa kitu kimoja."

"Sisi?" nikacheka. "Mimi na wewe hatujakubaliana hata kuhusu pilipili."

"Ndiyo maana tunalihitaji, dada," Lucius akasema, na safari hii hakuwa anatania. Tukapiga kura, likapita.

Nilikuwa nimetandika meza mbili za kukunja: kuku wa kukaanga, bamia, wali, na pai ya viazi vitamu ambayo Willa aliipima kwa vyombo vya maabara. Mlango ukagongwa. Walikuwa wachezaji wenzake wawili wa Leotis, wavulana weupe wa mashambani, pua zimewatangulia.

"Tumesikia harufu," mmoja akasema, akiona haya.

Wote wakanigeukia mimi. "Waingie," nikasema, "lakini viti vimekwisha. Chukueni ndoo mzigeuze."

Wakageuza ndoo, wakakaa, wakala kwa adabu. Lucius akasimama. Akakunjua karatasi zake, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, historia ya siku hii itakapoandikwa," na akaanza na utumwa, akapita vitani, akafika Detroit, akawa anakuja taratibu kwenye dai la kwanza. Juu tromboni ikakosea tena. Kijana wa Arkansas akaimalizia sauti ile sawasawa kwa mdomo, na watu wakaangua kicheko.

"Nyamazeni, hii ni muhimu!"

"Tunasikiliza, kaka," Leotis akasema, akinyoosha mkono wake mrefu kuvuka meza nzima. "Endelea tu. Hivi hilo paja lina mwenyewe?"

Lucius alilitazama lile paja. Akaitazama hotuba yake. Kisha akakunja karatasi, akaziweka chini ya sahani, akavuta kiti.

"Linaye," akasema. "Lilete hapa."